Damu Ndani ya Mate ya Popoo

Kijijini, milimani Taitung,
9 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu Camak,

Hujambo huko Taoyuan? Umekula? Zege bado linakutoa jasho? Mimi nipo, napumua. Nyumba kimya mpaka nasikia panya wakigombana darini.

Kile kikohozi nilichokiita cha baridi, kumbe ni kifua kikuu. Usipige mayowe, natibiwa, na daktari anasema kitapona.

Aliniuliza, "Umeanza lini kutema damu?" Ningejuaje? Camak, mimi natafuna popoo tangu usichana! Nikitema, mate yangu lini hayakuwa mekundu? Mhan wa bondeni, asiyetafuna popoo, akiona wekundu kwenye kitambaa, siku hiyohiyo yuko hospitali. Sisi Wapaiwan wa milimani tunapangusa mdomo, tunatia popoo nyingine. Nesi anadhani ndiyo maana wengi wetu hufikishwa kwake tumebaki mifupa.

Nesi huyo naye ni Mhan, mkali kama pilipili. Huja kila asubuhi kuniona nikimeza dawa. "Fungua mdomo, dada. Inua ulimi. Haya, umeze, usinidanganye!" Hakuna mwingine anayevuka kizingiti changu. Akitaka kuondoka namtafutia swali, ili akae kidogo.

Selep, shoga yangu wa tangu utotoni, husimama barabarani akapaza sauti: "Muni we! Hujafa tu?" Namjibu, "Nikifa nitaanza kukutokea wewe!" Tunacheka, kisha anakwenda zake. Sherehe ya mavuno niliisikilizia dirishani. Sikufichi, upweke huu unaniuma kuliko kifua.

Sasa wewe. Mwaka Mpya tulikunywa wote kwenye kikombe pacha cha baba, kile cha kunywewa na wawili kwa pamoja, shavu kwa shavu, mimi nakohoa na nyinyi mnanicheka. Na Jumapili kwenye simu umekohoa mpaka ukashindwa kusema, eti vumbi la saruji. Vumbi gani, Camak? Na najua shavu lako halikosi popoo. Hutaiona damu, kama mimi nisivyoiona. Usingoje kuiona. Nenda kesho ukapigwe picha ya kifua, utoe na makohozi yapimwe.

Utanikasirikia kwa kukuamrisha kama mtoto. Kasirika tu. Ndugu mwingine sina.

Msalimie mkeo Ljumeg, mwambie mawele yake nimeyapokea. Na Kivi wenu mbusu kwa niaba ya shangazi yake.

La, usimbusu. Kapimwe kwanza.

Mababu wakutangulie njiani.

Dada yako akupendaye,
Muni