Kopo la Pilipili Uliloniagiza

Kambini, Ngara
Jumapili, baada ya misa

Mama Jovini, mke wangu,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi, maana nakujua, ukiisoma huku umeinjika maziwa yatamwagika yote. Hujambo? Watoto hawajambo? Mpe mama shikamoo yangu, na habari za mguu wake niandikie ukweli, si ule wa kunipoza roho. Mimi ni mzima. Nakukumbuka mpaka inakuwa aibu kwa mlinzi mwenye rungu.

Asubuhi huku ukungu na moshi wa kuni hushikana, vilima vyote vikapotea. Nasimama getini sijui niko macho au naota. Wanawake wanatoka kwenda kutafuta kuni, mmoja mmoja wanapotelea ndani ya ule weupe, na kwa kila anayepita nauona mwendo wako ukienda shamba kule Nyabusozi. Juzi nilimwamkia mtu kwa jina lako. Usinicheke.

Sasa lile kopo uliloniagiza. Ulisikia kweli, wanawake wa kizungu wanalo: dogo, laenea kiganjani, ukimpulizia mtu usoni pilipili inamwasha macho mpaka anakaa chini. Nilipomaliza kusoma kwamba majambazi wameanza kuvizia njia ya shambani kwetu, nilitaka nilipate siku hiyohiyo. Nikamuuliza afande aliyekuja kutufundisha kazi ya geti. Akasema, "Hiyo ni silaha. Dukani huuziwi, mfukoni hubebi, mpaka uwe na kibali." Nikamwambia, afande, ni pilipili tu. Akaniangalia kama niliyeomba bunduki. Kisha akachukua kalamu akaliongeza kwenye orodha ya vitu vya kunyang'anya getini, chini ya panga na mkuki. Swali langu ndilo lililoliingiza, mke wangu. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa na habari nalo.

Wiki hiyohiyo akapita Spesioza, mama mkimbizi anayelea wajukuu peke yake. Alikuwa na kopo hilo kwenye pindo la kitenge, amepewa na muuguzi mmoja wa kizungu. Nikalichukua.

"Baba, kwani wewe pilipili hulagi?" aliniuliza, akicheka kidogo.

Nikamwambia ni sheria.

"Haya. Basi sheria itanisindikiza kwenye kuni."

Akaenda zake. Nikalifungia kopo kwenye sanduku la ofisini.

Jua lilikuwa limepanda, ukungu umebaki bondeni tu, niliposikia yowe. Wajua kwetu yowe halichagui mtu: likipigwa unatoka, na asiyetoka ataulizwa na kijiji kizima. Lakini mlinzi haruhusiwi kuacha geti, hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi. Mwenzangu wa zamu akasema, "Kaa, ndugu yangu. Hao si wa kwenu." Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Nakuapia, Mama Jovini, sauti niliyoisikia mimi ilikuwa yako. Nikaacha geti wazi nikakimbia, na wanaume wa kambini wakanipita mbio, wengine pekupeku.

Tulipofika majambazi walikuwa wameshaingia vichakani. Spesioza alikuwa chini, mkono umevunjika, kuni zimetawanyika.

"Umechelewa, baba," alisema. "Lakini umekuja."

Kibarua changu kimeota nyasi. Geti likikutwa wazi hakuna msamaha, wala siwalaumu. Kopo limebaki sandukuni. Niliwaza kuliiba nikuletee, nitakuwa mwongo nikikuficha. Ila nikakuona wewe umesimamishwa mbele ya askari kwa sababu yangu, nikaliacha. Nina hasira na ile sheria, na zaidi nina hasira na mdomo wangu.

Basi nakuja mikono mitupu. Bati zitasubiri, tutaongeza nyasi juu ya paa. Msalimie mama, msalimie dada yangu anayekusaidia palizi, na jirani yetu mzee Shabani, mwambie ajiandae, nakuja kumshinda bao.

Keshokutwa naanza safari. Mpaka nifike, usipite ile njia peke yako, nakusihi. Nikishafika, ukipiga yowe, nitakuwepo wa kulisikia.

Mumeo,
Baba Jovini