Pembe kutoka Bucha la Najma

Shikamoo Baba,

Huku Doha joto limeshashika, hata maji ya bomba yanatoka ya moto. Huko Dodoma najua mvua zimekwisha, nawe unashindilia samadi mbichi kwenye pembe za ng'ombe uzifukie shambani, ili mizabibu ipate nguvu bila dawa za dukani na mvinyo wetu uchachuke wenyewe.

Jana kwenye bucha moja hapa mtaani kwetu Najma niliona pembe imetupwa kwenye ndoo ya mifupa, nikaiomba. Muuza nyama akacheka, "Dada, hiyo haina nyama hata chembe!" Nilipoingia nayo chumbani, Mwanaidi, yule wa Unguja ninayekaa naye, akarukia kitandani. "We Neema, unataka kumroga nani humu?"

Tukacheka sana. Kisha nikamwonyesha mistari ya shinani mwa pembe, kila ndama na mstari wake, kama ulivyonifundisha. Hii ilikuwa na mmoja tu. Ng'ombe aliyezaa mara moja, kama mimi. Kicheko kikaniisha.

Baba, nimekubali kuongezewa mkataba, kwa hiyo mwaka huu tena sitakushikia kapu la samadi. Roho inaniuma. Mpe Joyce wangu alishike. Akikunja pua usimgombeze, hata mimi nilianza hivyo hivyo. Ila pembe moja ifukie karibu na mlango wa chumba cha mapipa, umwambie ni ya mama yake. Mkizifukua nyingine samadi ikishaiva, hiyo muiache. Nitakuja niifukue naye.

Mungu akutunzie mgongo wako.

Mwanao, Neema