Sanduku Lililokuzidi

Baba,

Shikamoo. Huitikii, na hilo si geni. Hata ulipokuwa hai ulinitazama kwanza juu ya miwani, kama vile salamu yangu ni insha inayotafutiwa kosa.

Nakuandikia kuhusu hadithi yako. Ile fupi, ya zamani, uliyowafundisha kidato cha tano mpaka ukastaafu, na sisi nyumbani tukaila pamoja na ugali. Seremala anamchukia jirani yake. Anamchongea sanduku la maiti kwa siri, analipiga msasa, anasubiri. Mwishowe anakufa yeye, analazwa humo, linamkaa sawasawa. Wanafunzi walicheka, wewe ukagonga meza: "Msicheke kijinga! Kinaya si mzaha wa bahati. Nani alishika futikamba? Moyo! Alidhani anampima adui, kumbe anajipima mwenyewe." Huko ndiko kuchanganua nafsi, ulisema. Mtu akikosea, ndani yake kuna mwingine aliyepatia.

Haya. Kwa seremala wa kitabuni, sawa. Lakini ukanifanyia na mimi.

Nilipoacha shule nikauze maandazi, ukasema nakulipizia kisasi. Nilipofunga mashine ya kusaga pale Majengo, kwa jasho langu mwenyewe, ukawaambia wageni nikiwepo: "Huyu hapendi unga. Alitafuta kitu chenye kelele asinisikie." Wakacheka. Nikawamiminia chai. Halafu ukawa unabeba debe lako la mahindi begani, unapita mlangoni kwangu mchana kweupe, unakwenda kusaga kwa yule mwenye mashine wa mbele. Mzee mwenye magoti mabovu! Wateja wangu wakawa wanaangalia chini.

Sasa sikiliza tulivyokuzika. Kaka, msomi wako, alikuwa bado yuko kwenye basi, kwa hiyo kwa fundi wa masanduku nilikwenda mimi. Akauliza kipimo. Sikutuma mtu mochwari. Mimi nikitazama gunia nakwambia limepungua kilo ngapi, na mzani unanikubalia. Nikamtajia urefu wako kutoka kichwani mwangu.

Tulipokulaza humo ukazama kama kijiko ndani ya sufuria. Akina mama wakasokomeza mashuka miguuni usije ukateleza. Ningeomba watu wanyamaze, lakini mtani wetu wa Kihehe alikuwepo, na mtani msibani hana breki. Tena huyu alipita darasani kwako. Alishavaa koti lako na miwani yako, anatembea kwa mgongo wako ule uliopinda. Akachungulia. "Enyi Wangoni! Mwalimu mmempangia vyumba viwili? Nani ameagiza hili?"

Wakanionyesha mimi. Akanivuta mkono, akanisimamisha kando ya mfuniko uliokuwa umeegemezwa ukutani. Juu ya utosi wangu ikabaki nafasi ya kiganja, ile ile ambayo fundi humwachia maiti. Akashusha miwani puani, akasema kwa sauti yako, yenyewe kabisa: "Kinaya, binti yangu. Nani alishika futikamba?"

Msiba mzima ukaangua kicheko. Nami nikacheka, Baba, nikacheka mpaka shangazi akanimwagia maji. Machozi hata tone.

Tangu siku hiyo vitabu vyako kachukua kaka, hajafungua hata kimoja. Koti limebaki kwa mtani. Mimi nilibaki na lile sanduku kichwani, nalichanganua mashine ikinguruma. Sikujipima. Nilitaja urefu wa yule mtu aliyesimama mlangoni nikiwa mtoto, nimechuchumaa nakwangua sufuria, kichwa chake karibu kiguse kizingiti cha juu. Huyo ndiye niliyemzika. Wewe ulikuwa mfupi. Nilikuona siku ile ya kukulaza: mfupi kuliko mimi, na sijui tangu lini. Wewe ulijua. Ndiyo maana salamu zangu ulizipokea ukiwa umekaa.

Na kuna jingine, hili ulisahau kulificha. Kwa yule wa mbele kuna njia ya nyuma ya nyumba. Fupi, haina kilima. Magoti yako yaliijua, kila mtu anaijua. Mtu asiyetaka kuniona angepita huko. Wewe ukapanda kilima na debe begani ili upite mbele ya mlango wangu, taratibu, bila kugeuza shingo.

Nani alikuwa anakupitisha pale, Mwalimu?

Ungeingia. Ningekusagia bure, ningekutukana, ungeondoka na unga wa moto. Hukuingia. Sasa nimekusoma, nimekupatia, na hakuna wa kunipa alama.

Fundi wa kaburi anasema saruji lazima ifunike sanduku lote, kwa hiyo hata juu ya ardhi utalala kwa urefu wangu. Nimempa futikamba, apime mwenyewe. Ahadi yangu ni moja. Siku ya kuweka msalaba, unga utasagwa kwangu. Watakula wote, majirani, wanafunzi wako, yule mtani na koti lako, jina lako likitajwa kila tonge. Na safari hiyo hutakuwa na pa kupitia.

Lala, Baba. Ile nafasi ya miguuni usinitunzie.