Shukrani Zako Zinapungua

Mgori

Mwanangu Agripina,

Huku sisi ni wazima. Nyuki wamerudi mzingani na asali yako nimeitenga.

Tangu mwajiri wako akunyang'anye simu, barua zako ni shukrani tupu. Baba yako anawasomea majirani, anasema ng'ambo imekufunza kuridhika. Mimi nahesabu unachoshukuru. Ya kwanza ulimshukuru Mungu kwa bahari na matembezi ya jioni. Iliyofuata, kwa dirisha linaloingiza jua. Hii ya juzi, kwa kikombe cha maji.

Wewe, uliyekuwa ukinuna nikipika mlenda siku mbili mfululizo.

Barua ijayo usishukuru kitu, mama. Nilalamikie hata chumvi ya chakula, ndipo nitapata usingizi.

Ni mimi mama yako,
Marietha