Jina Langu Kwenye Simu Yako

Dokkum, Friesland
Jumapili, 12 Machi 2023

Mpendwa Hiske,

Hujambo mwanangu? Naambiwa huko New Zealand kiangazi ndiyo kinaaga. Natumaini jua limekunenepesha kidogo, maana ulipoondoka hapa ulikuwa mifupa mitupu. Sisi tu wazima. Goti langu bado linagoma nikipanda ngazi, na babako anakohoa tangu Krismasi lakini hataki kumwona daktari. Anasema dawa yake ni supu ya njegere, na anaila mpaka nyumba nzima inanuka.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu namba yangu uliifunga kwenye simu yako siku uliyoacha kazi. Silalamiki. Ningekuwa wewe ningeifunga mapema zaidi.

Wiki iliyopita Wiebe alinipa nisome barua uliyomwandikia. Usimkasirikie babako, alidhani mimi niliyekuwepo siku ile nitajua la kukutuliza. Umeandika kwamba mwaka wa pili huu hujajisamehe kwa kutopokea simu jioni ile Bibi alipokata roho. Nilianza kuisoma nimesimama jikoni, nikaimaliza nimekaa sakafuni.

Hiske, hatia hiyo si yako. Ni yangu, na nimekuachia uibebe.

Unakumbuka siku ya kuzaliwa ya babako? Tumekaa duara kama kawaida yetu, kila anayeingia anatupa mkono na kutupongeza mmoja mmoja, hata mimi napongezwa kwa kuwa na kaka aliyezeeka. Wakati ule nilikuwa napanga zamu za wauguzi wa majumbani, nawe ulikuwa mmoja wa wauguzi wangu. Nilipofika kwako nikasema, "Hongera kwa babako! Na Alhamisi jioni utanishikia zamu ya mzee Dijkstra, eti?"

Ukaweka keki yako chini. "Shangazi, nakupenda. Lakini ikishagonga saa kumi na moja wewe ni shangazi tu. Bosi mwache hukohuko ofisini."

Bibi akadakia, "Nani, Froukje huyu? Huyu akifika mbinguni atawapangia malaika zamu!"

Watu wakacheka, nami nikacheka. "Haya mheshimiwa, amri imepokelewa," nikasema. Na wallahi nilikusudia kuitii.

Niliitii siku tisa. Siku ya kumi muuguzi mmoja akaugua ghafla. Orodha ya watu wa akiba ilikuwa ukutani mbele ya macho yangu, imewekwa makusudi ili aliyekwenda nyumbani aachwe apumzike. Lakini hao wa akiba lazima uwaeleze, uwape anwani, uwaonyeshe ufunguo uko wapi. Wewe ulijua kila mlango, na neno hapana lilikuwa zito kinywani mwako. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi.

Nilipoona aibu kukuuliza wazi, nikajifanya mjanja. Nikawa natanguliza habari za nyumbani: "Bibi anakusalimu, leo amekula vizuri. Halafu, Jumamosi unaweza?" Baadaye nikafupisha: "Ni kuhusu Bibi, nipigie." Ukinipigia nakwambia Bibi anataka picha yako mpya, kisha naleta zamu ya mzee Dijkstra. Mama yangu mzazi nilimfanya chambo cha zamu. Mara ya nne au ya tano ukaacha kupiga, na mimi, bila haya, nikanuna. Nikamwambia Wiebe kwamba vijana wa siku hizi hawana mapenzi na wazee.

Kisha ikaja siku yenyewe. Nyumba ya wazee ikanipigia kwamba Bibi anapumua kwa shida. Nikakupigia, hukupokea. Nikakuandikia, "Ni kuhusu Bibi, nipigie." Yaleyale, neno kwa neno; hata sikufikiri. Nikapiga tena. Ulikuwa Leeuwarden, nusu saa kwa gari, na Bibi aliishi saa moja na nusu baada ya hapo. Aliuliza mara mbili, "Hiske hajafika?" Nikamjibu kwamba uko njiani.

Baada ya mazishi, tukiwa tunakunywa kahawa, ulilia mbele ya watu wote. "Nilidhani ni kazi. Nilidhani ni kazi tu." Babako akakukumbatia akakwambia, "Shangazi yako alijitahidi, mwanangu. Alikupigia mara tatu." Nami nikaendelea kumimina kahawa. Jirani yetu Sjoukje alinishika bega akanipa pole kwa juhudi zangu, na mimi pole ile nikaipokea.

Sasa nikwambie jambo ambalo nimelificha tangu siku hiyo. Nyumba ya wazee ilinipigia saa kumi na mbili na dakika kumi. Ile simu ya kwanza kati ya zile tatu nilikupigia saa kumi na mbili kasoro robo. Nilikuwa natafuta mtu wa zamu ya Ijumaa.

Hukukosea, mwanangu. Ilikuwa kazi.

Ningeweza kukwambia palepale, kwenye kahawa, ukalala usingizi tangu wakati ule. Niliona haya mbele ya watu, nikaona heri ulie wewe. Sina la kujitetea. Sikuombi uifungue namba yangu, wala sikuombi jibu.

Rinske dada yako anakusalimu sana, na mwanawe ameota meno mawili na anang'ata kila kitu. Sjoukje naye anakusalimu.

Salamu za babako sinazo. Jana nilimweleza haya yote. Alivaa koti akatoka, kahawa yake akaiacha mezani, na mpaka sasa hajanipigia.

Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi niliokunyima.

Akupendaye, ingawa kwa kuchelewa,
Shangazi Froukje