Salamu Juu ya Ukuta

Mama Alisi, mke wangu,

Wengi wetu hukosea tukidhani utakatifu hushuka siku moja, kwenye ibada kubwa ya machozi na nyimbo, na mtu akirudi nyumbani amekwisha kuwa mwingine. Hata mimi niliyefundisha katekisimu hapa Ngagara nilidhani hivyo. Wewe ulinisahihisha bila kunifundisha.

Unakumbuka jirani yetu Ferdinandi alipoelekeza mfereji wa paa lake uani kwetu, maji yakaingia jikoni? Ulipomlalamikia alicheka: "Mama, mvua ni ya Mungu. Mwende mumushitaki Ye!" Tangu hapo hakutusalimia tena. Kesho yake ukasimama penye ukuta mfupi unaotutenganisha naye, ukasema, "Mwaramutse," salamu yetu ya asubuhi. Akakupa kisogo. Ulikuwa umeitamka kama mtu anayemeza kwinini, nami nikakutania: "We unasalimia matofali?"

"Apana, Mwalimu. Nasalimia mutu. Matofali iko mu njia tu."

Ukaendelea, miaka. Sauti ikalegea polepole. Ukaanza kumwuliza habari za goti lake linalomwuma, ingawa hakujibu. Mwishowe nilikusikia ukimtaja katika sala ya jioni pamoja na watoto wetu, kana kwamba ulimzaa. Uligeuka siku gani? Nililala kando yako, nikala nawe sahani moja, na sijui. Mungu alikuwa akifanya kazi jikoni mwangu, nami nilikuwa nikiulizia chumvi.

Ulipoondoka, asubuhi zikawa kimya mno. Nikaenda ukutani kulisema neno lako. Mwanzoni nililitamka kwa shida. Sasa linatoka, na goti lake ninaliulizia pia.

Leo alfajiri amejibu.

"Mwaramutse, Mwalimu." Kisha, akitazama chini: "Mama nilikuwa namujibu kila siku. Ndani ya roho tu. Mudomo ndio ulikataa. Jioni naweza kuja?"

Nimemnyooshea mkono juu ya ukuta: "Karibu." Kumbe hata upande wa pili Mungu alikuwa kazini.

Jioni hii ni kuganduka, tunaondoa msiba wako. Ferdinandi nimemwekea kiti karibu na changu, na barua hii nitaisoma mbele ya wote. Pumzika, Mama Alisi. Penye ukuta nitasimama mimi kila asubuhi, mpaka nami niitwe.

Nanyi watoto mnaosikiliza: leo, kabla hamjalala, msalimieni yule msiyesalimiana naye.