Koja la Uzi Mkononi

Mzee Dinkar,

Habari ya kifo chako ilinifikia hapa Guangzhou, Uchina, kwa faksi, na jina lako lilikuwa limekosewa. Nililisahihisha kwanza, kisha nikaketi. Utaratibu huo ni wewe uliyenifundisha, ulipokuwa balozi wa India kwetu Dar es Salaam na mimi ripota mgeni kazini. "Hakikisha majina, binti yangu. Machozi hayana haraka."

Tangu uondoke nimesumbuliwa na jambo moja tu: sura ya nane. Unajua nilikuwa natafsiri kumbukumbu zako kwa Kiswahili. Bwana Kanji, mzaliwa wa Unguja anayenunua nguo hapa na kuzisafirisha nyumbani, alikubali kugharimia uchapaji. Aliposoma rasimu akanijia.

"Dada, jela ya Waingereza, sawa. Hotuba, sawa. Lakini hii ya yeye kuwafunga watu, itoe. Maiti huvuliwa nguo na muoshaji, si na mwandishi wa gazeti."

Nikamwambia sitoi.

"Basi kichape kwa mate yako," akasema, akaondoka.

Jumamosi wafanyabiashara walikusanyika kukukumbuka dukani kwake, barabara ya Guangyuan Xilu. Marobota ya nguo yalisukumwa ukutani, tukabanana, Wahindi na Watanzania. Kanji alikuwa ameweka picha yako mezani na kuivisha koja la uzi wa pamba uliosokotwa kwa mkono, kama wanavyoenziwa watu wa harakati zenu za uhuru: maua hunyauka, uzi hufumwa nguo. Alilitafuta kwa taabu, maana mji huu umejaa nyuzi za kiwandani.

Mama Neema, anayenunulia duka lake la Mwanza, akaitazama picha. "Nimeona picha zake za uzeeni gazetini. Mbona koja hulishika mkononi, halivai?"

"Labda shingo ilikuwa inamwuma," Kanji akajibu. Watu wakacheka. Mimi na yeye tu ndio tuliojua sababu.

Sura ilikuwa mkobani mwangu. Nikaisoma.

Niliwasomea jinsi ulivyokuwa waziri katika serikali ya jimbo lako, ukatia saini amri kwamba wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliogoma wafungwe, katika gereza lile lile ulilofungwa na Waingereza. Jinsi ulivyokwenda kuwatazama, na mmoja wao akakuuliza, "Mheshimiwa, umekuja kututembelea au umerudi nyumbani?" Kisha wakakuletea koja la uzi waliousokota humo humo, kama mlivyosokota ninyi enzi zenu. Hukuweza kuinamisha shingo. Ulilipokea kwa mkono, ukatoka, ukaamuru wafunguliwe, ukajiuzulu. Hukuvaa koja tena maisha yako yote. Uliandika: "Mkono uliotia saini ndio ulibebe koja."

Nje wachukuzi waliendelea kupiga kelele na mikokoteni yao.

"Kumbe alikuwa mtu mkubwa kiasi hicho," Mama Neema akasema.

Kanji akaenda mezani, akaivua picha lile koja. Alionekana hajui aliweke wapi, akabaki amelishika. Watu walipoanza kutoka akanisogelea. "Dada, sura ibaki. Ila lile jina la gereza uliangalie vizuri, wasije wakasema tumezua."

Nililiangalia. Liko sawa.

Mzee, nimeandika habari za viongozi wengi, na wengi wamenipigia simu wakitaka nifute kitu. Wewe ulinipigia kuuliza kama nimeibakiza sura ya nane, nikakujibu ipo, ukasema "Vema," ukakata. Ninajivunia kuwa mtu wako. Kazi yangu hainipi nafasi ya kusema hivyo mara nyingi, kwa hiyo nimeandika hapa.

Lala salama. Ahadi yangu ni hii: kitabu kitatoka kizima, na yeyote atakayekuja kukusifu mbele yangu nitamwuliza kwanza amekisoma mpaka wapi.

Wako,
Ripota wako wa Dar